Jalada la Majiko Kumi na Manne

Nonna Yegorovna Lapshina alikuwa na penseli moja nyuma ya sikio na nyingine mfukoni, na katika miaka yote niliyofanya naye kazi wino aliugusa kwa jambo moja tu. Kila jalada lililopita mikononi mwake alilitia namba kwa penseli, karatasi baada ya karatasi, kwenye kona ya juu upande wa kulia. Akimaliza, alibandika nyuma kabisa kipande cha karatasi na kuandika kwa wino: "Katika jalada hili mna karatasi," na idadi yake, tarehe, sahihi, basi. Nne yake ilikuwa wazi juu, kama kiti kilichogeuzwa miguu hewani. Niliijua nne ile kuliko nilivyoujua mwandiko wa mke wangu, na mke wangu akiniandikia vikaratasi vingi sana, vyote vya kunigombeza.

Jengo letu lilikuwa pembezoni mwa Moscow, nyuma ya kiwanda cha mikate, halina kibao mlangoni. Majirani walidhani tunahesabu takwimu za mavuno. Humo ndani zilijaa karatasi za serikali ya Wajerumani, zile ambazo majeshi yetu yalizikuta mwaka wa arobaini na tano kwenye maghala na mahandaki, yakazipakia garimoshi zima baada ya zima. Zilikuwa mateka. Na kama mateka wengine, hazikuruhusiwa kusema. Sisi tulizifuta ukungu, tukazishona, tukazihesabu, tukazipanga rafuni, na tulitia sahihi kwamba hata mama mzazi hatutamwambia.

Wasichana wa kuhesabu walichaguliwa makusudi wasiojua neno la Kijerumani. Mkubwa wetu wa wakati huo alikuwa akisema mtu asiyejua kusoma ndiye mtunza siri asiyehitaji kuapishwa. Nonna aliajiriwa mwaka wa hamsini na saba, akiwa na miaka ishirini na miwili, mkono mwepesi, kichwa chepesi kwa hesabu. Kijerumani chake kilikuwa "simama" na "mikono juu," alivyojifunza mtoto yeyote wa kijijini kwetu miaka ile.

Na alikuwa mwongo. Nalisema mapema ili msije mkanilaumu baadaye. Fomu ya kuajiriwa ilikuwa na swali: je, kuna ndugu yako aliyetekwa na adui, au ambaye hajulikani alipo? Baba yake Nonna, Yegor Lapshin, fundi wa kujenga majiko ya matofali ya kupashia nyumba joto, alikwenda vitani mwaka wa arobaini na moja, na mwaka uliofuata mama yake akaletewa karatasi yenye maneno matatu: amepotea bila habari. Si kafa, si hai. Kijijini maneno yale yalitosha. Wakasema, "Fundi kama Yegor Wajerumani wamwache afe? Yuko kwao huko, anawajengea majiko, anakula nyama." Mama yake Nonna alisusiwa kisimani. Msichana aliposhika fomu ile akawaza: nikiandika ukweli, narudi kijijini kukamua ng'ombe. Akaandika, "Baba: alikufa vitani." Akatia sahihi.

Uongo ule ukamfunga mdomo. Mtu aliyekwisha kuandika kwamba baba yake alikufa hawezi tena kuuliza baba yake yuko wapi. Mama yake alikaa na lile swali mpaka akaingia nalo kaburini mwaka wa sabini na nne, na kila Nonna alipomtembelea alimuuliza, "Mwanangu, huko mjini unakofanya kazi hakuna mtu wa kuulizwa?" Nonna akajibu, "Hakuna, mama. Sisi tunahesabu mavuno."

Haya yote nilikuja kuyajua katika wiki moja tu, ile wiki ya Februari mwaka wa tisini na tatu, baada ya kukaa naye meza za jirani miaka zaidi ya thelathini. Nakiri naona aibu. Nilijua anapenda chai yenye jemu ya zabibu nyeusi, nilijua anachukia madirisha ya kaskazini, lakini sikujua hilo.

Mwaka mmoja kabla yake milango ilikuwa imefunguliwa. Serikali ilibadilika, amri ikaja, watu wenye shughuli ya utafiti waje wasome. Chumba kimoja kikatiwa meza saba, nami nikafanywa msimamizi wake. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa mbele na kukohoa mtu akitoa kalamu ya wino, iliyokatazwa mle chumbani. Nikawa mkali kweli. Mtu aliyelinda mlango uliofungwa miaka thelathini, ukiufungua ghafla, hujihisi kama yuko uchi.

Ndipo akaja Gesine Ahlers. Alitoka Bremen, umri wa miaka thelathini na kitu, mrefu, pua nyekundu kwa baridi, Kirusi chake kikitembea kwa magongo lakini kinafika. Alikuwa akiandika kitabu kuhusu ofisi moja ndogo ya ujenzi ya serikali yao wakati wa vita, iliyokuwa mashariki mwa nchi yao ya wakati ule na iliyotumia mateka. Si mawaziri, si majemadari. Makarani.

"Kwa nini makarani?" nilimuuliza siku ya kwanza. "Watu wanakuja hapa kutafuta wakubwa."

"Wakubwa walitia sahihi tu," akasema. "Makarani ndio waliofanya. Babu yangu alikuwa karani."

Nonna, aliyekuwa akishusha majalada kutoka kwenye kigari, akamtazama kwa muda, kisha akamwekea jalada lake mezani polepole, kama anayeandalia mgeni sahani.

Toka siku hiyo wakapendana. Mabomba ya kupasha joto jengoni yalikuwa hoi majira yale, wasomaji wakisoma na makoti mwilini, na Nonna akawa anampelekea yule Mjerumani chai kwa siri, chini ya pua yangu. Chai chumbani ni marufuku. Nilikohoa. Nonna akasema, "Veniamin Lukich, kikohozi hicho kitakuua. Nikuletee na wewe?" Nikanywa. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Siku ya Jumanne Gesine aliomba majalada matano, Nonna akayaleta. La tatu lilikuwa nene, jalada la kijivu. Kila jalada letu lina karatasi ya watumiaji mwanzoni: msomaji huandika jina lake, tarehe, na alichofanya, kwamba alitazama, au alinakili, au alisoma. Ya jalada lile ilikuwa tupu. Tangu lishonwe hakuna aliyelifungua. Gesine akaandika jina lake mstari wa kwanza, akaanza kusoma, na baada ya nusu saa akainua mkono.

"Nonna Yegorovna, samahani. Hapa pana orodha ya mateka waliopewa ofisi hii. Majina ya vijiji yananishinda. Nikikusomea, utanionyesha kwenye ramani?"

"Soma, mwanangu. Mimi vijiji navijua kuliko Wajerumani wako."

Nilikuwa mbali hatua nne. Nilimsikia Gesine akitafsiri kidole kikiteremka. Seremala, wa mkoa wa Kursk. Mwalimu wa hesabu, wa Penza. Kisha akasema, "Huyu hapa, fundi majiko. Amezaliwa mwaka elfu moja mia tisa na nne. Kijiji cha Talovy Kut, mkoa wa Tambov. Alama: mkono wa kushoto umekosa kidole cha shahada. Lapshin, Yegor. Maelezo ya karani: fundi stadi, mtiifu, asirudishwe kambini, ajenge majiko ya ofisi." Akanyanyua uso. "Talovy Kut ni upande gani? Nonna Yegorovna?"

Nonna alikuwa ameshika ukingo wa meza. Gesine jina la ukoo la Nonna hakulijua; kwetu mtu huitwa jina lake na la baba yake, la ukoo hubaki kwenye fomu. Mimi nililijua. Nikasimama.

"Upande wa mashariki," Nonna akasema kwa sauti ya kawaida kabisa. "Ukivuka mto." Akasukuma kigari chake akatoka nje.

Nilimkuta kwenye chumba cha chai, kaketi juu ya sanduku la balbu, penseli bado sikioni. Ndipo akaniambia yote: fomu, mama, kisima, uongo. Alisema haraka na bila kulia, kama anayesoma orodha.

"Kumbe walisema kweli," akamaliza. "Kijiji kizima kilisema kweli. Lisemwalo lipo. Alikuwa anawajengea majiko. Mtiifu. Umesikia? Stadi, mtiifu."

"Nonna, mtu aliye kambini na njaa..."

"Usinifundishe njaa, Veniamin Lukich. Mimi nilikula magome ya miti. Mama alikula magome ya miti, na kisimani akitemewa mate, akisema Yegor wangu hawezi. Yegor wangu hawezi! Naye huko analaza matofali wasipate baridi makarani."

Nilimmiminia chai, haikunywewa.

Jioni aliyakusanya majalada kama kawaida ili ayarudishe rafuni. Nikamfuata kwa wasiwasi. Ghala letu lina orofa tano na rafu ambazo ukizilaza chini kwa mstari mmoja zingefika mbali sana. Jalada likiwekwa pasipo pake, hata kwa rafu mbili tu, limekufa. Mjukuu wa mjukuu wako halipati. Sisi tunaofanya kazi hii tunalijua hilo kama daktari anavyojua sumu. Nonna alilishika lile la kijivu kifuani, mbali na yale mengine manne.

"Nipe mimi," nikasema. "Nitasema limepelekwa kukarabatiwa. Panya, ukungu, chochote. Mjerumani atasoma mengine."

Ndiyo, mimi. Mimi niliyewakoholea watu kwa sababu ya kalamu ya wino. Nilikuwa tayari kuzika jalada zima kwa ajili yake, na mpaka leo sijui kama naona haya au fahari.

Alinitazama kama anaongea na mtoto. "Huko rafuni nimeweka majalada elfu ngapi? Hata moja sijawahi kulipoteza. Leo nianze na la baba?" Akaondoka nalo. Sikulala vizuri. Nilijua maneno ni maneno, na ghala lina giza.

Asubuhi nilifika kabla ya wote, nikaketi mezani pangu nikiutazama mlango. Kigari kikasikika kutoka mbali, gurudumu lake moja likilia. Majalada matano. La kijivu lilikuwa juu.

Gesine alipofika, Nonna alimfuata moja kwa moja mpaka kwenye meza yake.

"Yule fundi majiko wa Talovy Kut," akasema, "ni baba yangu."

Gesine akaziba mdomo. "Mungu wangu. Nonna Yegorovna... na mimi nimesoma vile... Nisamehe. Babu yangu..."

"Babu yako tutamzungumzia siku nyingine, mwanangu, na tutamzungumzia. Leo nataka unisomee. Kila karatasi yenye habari ya majiko, mpaka mwisho. Kama aliwasujudia nijue alivyowasujudia. Mama alikufa na nusu ya habari, mimi sitaki."

"Lakini hili jalada ni nene."

"Lina karatasi mia mbili kumi na saba. Anza."

Kusoma kwa sauti katika chumba cha kusomea ni marufuku. Siku ile wasomaji wengine walikuwa wawili tu, mmoja amelala. Nikavuta kiti changu karibu. Mwenye kuchukia na achukie.

Mwanzo ulikuwa mchungu. Mwezi wa Oktoba mwaka wa arobaini na mbili karani anaripoti kwamba majiko kumi na manne yamekamilika kabla ya wakati, kazi safi, matofali yamenyooka, fundi amepewa mkate wa ziada. Nonna aliusikiliza ule mkate wa ziada akiwa amefumba macho. Gesine alitaka kuacha. "Endelea," akaambiwa.

Novemba, barua nyingine. Majiko hayavuti. Moshi unarudi ndani. Ofisi inaomba ipewe makaa bora, kwani haya yaliyoletwa ni mabovu.

Msimamizi wa makaa anajibu kwamba makaa yake ni yaleyale yanayochomwa wilaya nzima, na hakuna mwingine anayelalamika.

Ofisi inajibu kwamba makarani wanafanya kazi madirisha wazi, wino unaganda, watatu wana homa ya mapafu. Inaambatanisha kipande cha kaa ndani ya bahasha kama ushahidi. "Hii hapa alama yake," Gesine akasema, akatuonyesha doa jeusi la zamani. Alianza kutabasamu licha ya nafsi yake. "Samahani. Lakini inaendelea hivi kurasa mia na kitu. Wanagombana kuhusu makaa. Nakala tatu kwa kila barua. Hii imefika mpaka wizarani!"

"Fundi wanamsemaje?" nikauliza.

"Fundi wamemwita mara mbili. Amekagua majiko mbele yao, amesema majiko ni mazima, labda ni makaa. Wamemwamini kwa sababu..." akageuza karatasi, "kwa sababu mhandisi mwenyewe, Desemba, aliingiza kichwa ndani ya jiko mchana, akatazama juu, njia ya moshi. Anaandika hivi: dohani ni safi, haina kizuizi chochote. Niliona anga."

Nonna akafumbua macho.

"Rudia."

"Dohani ni safi, haina..."

"Hapo mwisho."

"Niliona anga."

Nonna Yegorovna akacheka. Sijawahi kumsikia akicheka hivyo, kicheko cha sokoni, cha mwanamke aliyeshika kiuno. Msomaji aliyelala akazinduka. Gesine akanitazama kwa hofu, nami kwa hofu nikamtazama yeye. Nonna akacheka mpaka miwani ikaanguka, akaipangusa, akacheka tena, na machozi yakawa yanamtoka.

"Kioo!" akasema. "Jamani, kioo! Kawawekea kioo!"

"Kioo gani, Nonna?"

"Hebu ngojeni nipumue." Akajikalia. "Nilikuwa na miaka mitano. Baba alinichukua kwenda kumjengea jiko meneja wa duka la kijiji cha pili. Mtu mnene, majivuno mengi. Wakati wa chakula akatuwekea bakuli varandani, pamoja na mbwa wake. Baba hakusema neno. Akala, akashukuru. Akarudi kwenye matofali, na juu kabisa ya dohani akalaza kipande cha kioo cha dirisha, akakijengea pembeni, hukioni: mwanga unapita, moshi haupiti. Tukaenda zetu. Siku ya pili yule bwana akaja mbio, macho mekundu: 'Lapshin, moshi!' Baba anamwambia, 'Umetazama dohani?' 'Nimetazama, naona mbingu!' 'Basi kama unaona mbingu, dohani haina neno. Labda kuni zako.' Kabadilisha kuni mara tatu yule! Wiki nzima nyumba baridi. Mwisho akaja mwenyewe, kofia mkononi, akatuita mezani kwake, akatuandalia bata. Baba akala, akapanda juu ya paa, akadondosha tofali moja ndani ya dohani. Chang! Moshi ukapanda kama askari."

Akazipiga karatasi kwa kiganja, jambo ambalo ni marufuku kabisa.

"Mafundi majiko wote wa kwetu wanaijua hiyo. Ni ya mtu aliyekukosea heshima. Majiko kumi na manne! Baba, baba wewe! Majiko yote kumi na manne!"

Gesine alikuwa ameacha kutabasamu. Alirudi nyuma kwenye jalada, akaanza kugeuza karatasi upya, moja baada ya moja. Mambo aliyoyaruka kwa kuyaona upuuzi sasa aliyasoma yote. Mfagia dohani wa mji alikwisha kuchukuliwa jeshini, na paa lilikuwa na barafu, hakuna aliyepanda. Ramani za ujenzi zilichelewa, ofisi ilifungwa siku tisa Januari, nusu ya makarani wakahamishiwa kwingine. Mhandisi na msimamizi wa makaa wakashtakiana.

"Ofisi ilikwama miezi mitatu," akasema polepole. "Nimekuwa na jedwali nyumbani. Nilijiuliza kwa nini kazi ya ofisi hii ilianguka ghafla majira yale. Niliandika: sababu haijulikani, huenda ni ubovu wa makaa."

"Ukitaka cha uvunguni sharti uiname," nikasema. "Na mhandisi wenu aliinama, akaona anga."

Hatukucheka muda mrefu. Zilikuwa zimebaki karatasi chache, na wote watatu tulijua. Nonna akaivaa miwani yake vizuri.

"Malizia, mwanangu."

Gesine alisoma ya mwisho kimyakimya kwanza. Kisha akamshika Nonna mkono, akatafsiri. Februari tarehe kumi na moja, mwaka wa arobaini na tatu. Ofisi inaomba ihamie jengo jingine. Majiko hayawezi kutengenezwa, kwa kuwa mateka aliyeyajenga, aliyekwisha kurudishwa kambini, amefariki huko jana kwa homa ya matumbo, na fundi mwingine hakuna. Kaburi la pamoja, safu ya nne.

Basi. Hakuna aliyemgundua. Alikufa na vioo vyake vikiwa juu ya dohani, vinaonyesha anga.

Nonna hakulia hapo. Alikuwa anatazama kona ya juu ya karatasi ile, upande wa kulia. Niliinama nami nikatazama. Palikuwa na penseli iliyofifia: 217. Akairudisha karatasi moja nyuma, nyingine, mpaka kwenye orodha yenye jina la baba yake. Kwenye kona palikuwa na 14, na nne ilikuwa wazi juu, kama kiti kilichogeuzwa.

Sikutaka atazame kile kipande kilichobandikwa nyuma kabisa. Akakitazama. "Katika jalada hili mna karatasi mia mbili kumi na saba. Novemba tarehe ishirini, elfu moja mia tisa hamsini na saba. Lapshina."

"Mwezi wangu wa tatu kazini," akasema. "Nakumbuka hili doa la kaa. Lilinichafua kidole, nikaogopa nitafokewa." Akaliinua jalada. "Nilimshika. Nilimshika mkononi hivi, nikamtia namba, nikamfunga kamba. Na mwaka mpya nikaenda nyumbani, mama akaniuliza, hakuna mtu wa kuulizwa huko?"

Ndipo akalia. Gesine alimkumbatia, nami nilisimama pale na kikohozi changu, mzee mzima nisiyejua mikono yangu niiweke wapi. Nilimchukia yule mkubwa wetu wa zamani na busara zake za watu wasiojua kusoma. Nikajichukia na mimi, maana nilicheka aliposema maneno yale.

Baadaye, chai ilipokwisha kunywewa palepale mezani, Gesine akauliza kwa woga, "Nonna Yegorovna, kitabuni niandike nini? Jina lake niliweke? Kama hutaki, sitaandika."

Nonna akafikiri.

"Liandike. Na Talovy Kut uiandike, wapo bado wajukuu wa wale wa kisimani, wasome." Akapangusa pua. "Na uandike kwamba makaa hayakuwa na tatizo. Yule bwana wa makaa miaka hamsini anasingiziwa, naye pia ana watoto."

Jioni alilifunga jalada, kisha akalifungua tena mwanzoni, kwenye karatasi ya watumiaji. Mtunza nyaraka haruhusiwi kuandika pale. Yule ni mkono unaoleta na kurudisha, si msomaji. Ni kanuni ya siku ya kwanza kabisa, na mwenye kumfundisha Nonna kanuni ile nilikuwa mimi. Akanyoosha mkono kwangu.

"Veniamin Lukich. Kalamu yako. Ya wino."

Nikampa. Chini ya jina la Gesine Ahlers aliandika taratibu: Lapshina Nonna, binti Yegor. Akatia tarehe. Kwenye safu ya mwisho, pale ambapo watu huandika kwamba walitazama au walinakili, mkono ulisita kidogo, kisha akaandika: "Alipatikana."

Akapulizia wino ukauke, akaliweka jalada juu ya kigari, akaenda kulirudisha mahali pake.